NG'OMBE ZANGU KWENYE ZIZI LA KINA HYASINTA

Niliwaona kwa macho yangu mwenyewe!

Ng'ombe zangu... wamesimama kwenye zizi la baba yake Hyasinta, wanacheua kama wako kwao!

Nilikuwa nimekwenda Bunda msibani, nyumba ya jirani na pale. Natoka nje kunawa mikono, nageuza shingo, nikamwona mtamba wangu mweupe, yule ambaye pembe yake moja imelalia jicho. Pembeni yake dume jekundu. Masikio yote yamekatwa alama ya ukoo wetu wa Butiama.

Birika likanitoka mkononi.

Wewe unayesoma hapa uko Dar au Mbeya unaweza kusema, "Dada, si ng'ombe tu hao?" Hapana mpenzi. Huku kwetu Mara, ng'ombe wa mtu wakiingia kwenye zizi la mzee mwenye binti ambaye hajaolewa, huulizi mara mbili. Hiyo ni mahari!

Na aliyewatoa ng'ombe hao Butiama alikuwa mume wangu wa ndoa, Florian Masatu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkasema Mama Jeska anaonea watu.

Mwaka ni 2000. Jina langu Nyamburi, mama wa Jeska na wadogo zake wa kike. Nilikuwa nanunua sangara Kiriba na kuwapeleka kwenye kiwanda cha minofu Musoma mjini. Biashara ilikuwa imefunguka, Wazungu wanamtaka samaki wetu, na mimi sikulala. Kila nikipata chochote nanunua ng'ombe, namweka Butiama kwa kaka yangu Matiko. Mwanamke wa huku akiwa na ng'ombe wake mwenyewe, hata mawifi wanamsalimia kwa adabu.

Mume wangu ndiye maisha yalimkalia vibaya. Ujanani alikuwa anasomea urubani wa ndege kubwa za abiria. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la ndege likavunjika nayo, akarudi nyumbani na kofia tu. Akapata ukarani kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kikafungwa, akapunguzwa kazi. Tangu hapo ndege ikipita juu, Florian anaacha ugali mezani, anatoka nje kuitazama mpaka ipotee.

Nilimpenda kwa hilo. Nilimpenda sana huyu mwanamume, ndiyo maana wivu ulinitafuna.

Sasa akaingia Hyasinta...

Hyasinta alikuwa na ofisi Iringo, pale pale Musoma mjini, anachapa barua za watu na kufundisha kompyuta. Mrefu, kucha nyekundu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Florian akajiandikisha kozi. Siku moja akarudi nyumbani macho yanang'aa.

"Mama Jeska! Kuna programu unarusha ndege ya abiria! Ile yenyewe! Saa zote za mbele ya rubani, swichi zote! Unaruka Mwanza unatua Nairobi!"

"Nani kakwambia?"

"Hyasinta."

"Umeiona wapi?"

"Ofisini kwa Hyasinta."

"Na hicho chakula ulichoshiba umekula wapi?"

"Kwa... pale pale ofisini."

Haya! Kifua kikawaka moto. Mwanamke ananilishia mume, na anamlisha ndege!

Lakini wazo lenyewe halikuwa baya. Florian alitaka tupange chumba Iringo, tuweke kompyuta, vijana waje walipie kurusha ndege. Musoma hapakuwa na kitu kama hicho. Tatizo, mashine ya Hyasinta ilikuwa ya kuchapia barua tu, ndege kubwa ilikuwa inakwama. Ilibidi kuchagua nyingine. Na mchaguzi ni nani? Hyasinta!

Nikasema, "Naenda na mimi."

"Utachoka, mke wangu. Mambo ya kitaalamu yale."

"Nitachoka nikiwa nimekaa katikati yenu."

Tukaenda wote watatu dukani kwa Thadeo, fundi aliyekuwa analeta kompyuta kutoka Nairobi. Kaka ana tai na maneno mengi kama mnadi wa mnadani.

Hyasinta akaenda moja kwa moja kwenye kioo kikubwa kuliko vyote. "Florian, hiki! Ukikaa hapa utaona mbingu nzima!"

"Kweli kabisa, Hyasinta," mume wangu akaitikia, meno yote nje.

Florian?! Mimi mwenyewe nilikuwa namwita Baba Jeska!

Thadeo akacheka. "Kioo ni sura tu, jamani. Kindege cha mtu mmoja, hata kompyuta ya kuchapia itajikongoja. Lakini ndege ya abiria, kila saa inacheza, mawingu yanapita, uwanja unakuja mbele yako... hiyo inataka mashine ya nguvu, Pentium Two, memori ya kushiba, na kadi ya picha yenye memori yake yenyewe. Ukikosa kadi, ndege itaruka kama chura."

"Kadi inakaa wapi?" nikauliza.

Wote wakanigeukia. Hyasinta akatabasamu lile tabasamu la kumwonea mtu huruma.

Thadeo akafungua boksi, akanionyesha kadi yenyewe, imechomekwa ndani, waya wa kioo unaingilia kwake. Akanionyesha na memori, vijiti vyembamba vimesimama kwenye mstari. Akasema pia tuchukue usukani wa mkono, maana kurusha ndege kwa vitufe ni kujidanganya, na kifaa cha kutunza umeme, kwa vile umeme wa Musoma unakatikaga bila hodi.

Mimi darasa la saba, jamani. Lakini wivu ni mwalimu mkali. Nilikaa pale nikisikiliza kila neno, nisije nikaachwa nje ya mazungumzo ya mume wangu. Wao walikuwa wanaangaliana. Mimi nilikuwa naangalia boksi.

Tulipofika nyumbani nikakubali. Nikamtumia Matiko ujumbe: mpe shemeji yako ng'ombe zangu wale wa upande wa juu, awapeleke mnadani, tununue mashine ya Thadeo.

Ng'ombe wakatoka Butiama. Na mimi nikawakuta Bunda!

Niliporudi kutoka msibani sikuvua hata kanga ya kiunoni.

"Baba Jeska! Unaoa?"

"Nini?"

"Ng'ombe zangu wako kwa Mzee Mwikwabe, baba yake Hyasinta. Nimewaona!"

Uso ukambadilika... halafu akacheka! Akanishika mabega.

"We mwanamke na wivu wako! Mnadani bei ilikuwa mbaya. Baba yake Hyasinta anapenda ng'ombe, Hyasinta ameleta mashine mpya. Tumebadilishana! Kompyuta inakuja kesho, usubiri uone."

Na kweli, kesho yake kompyuta ikaja.

Nikaona aibu. Nikapika sato kwa nazi, nikamwekea mume wangu kiti mbele ya mashine, nikakaa ubavuni kwake kama rubani msaidizi. Kioo kikawaka. Ndege ikatokea, kubwa, nyeupe, tuko uwanja wa Mwanza. Florian akashika usukani. Nilitaka kulia kwa furaha yake.

Ndege ikaanza kukimbia.

Ikasimama.

Ikaruka mbele. Ikasimama tena. Ziwa likaja vipande vipande, nusu buluu, nusu nyeusi. Kabla hatujavuka mti wa kwanza, ikaanguka.

"Itazoea tu," Florian akasema, anajifuta jasho.

Mimi nikatazama boksi. Kichwani namsikia Thadeo... itaruka kama chura.

Florian alipotoka kwenda kuoga, nikachukua bisibisi. Nikafungua boksi.

Kadi ya picha hakuna! Waya wa kioo umeingia kwenye ubao mkubwa wenyewe. Kijiti cha memori kimoja, kinasikitisha.

Nikafunika na shuka, nikampa mtu wa mkokoteni, mguu kwa mguu mpaka kwa Thadeo.

"Mama Jeska, hii umeitoa wapi?"

"Niambie wewe."

"Hii si ile ya kuchapia ya Hyasinta? Alinipa niiuze kwa vipuri, nikakataa. Hata kwa jogoo mtu hachukui!"

Nikakaa chini. Kama mashine hii haifiki thamani ya jogoo, ng'ombe zangu wamelipia nini?

Thadeo akapunguza sauti. "Kwani hujui? Hyasinta amefunga ofisi. Jumamosi wanamuaga kwao Bunda, anaolewa. Mimi nilidhani... basi, samahani mama."

Dunia ikazunguka. Nililia njia nzima, watu wa Iringo wananipisha. Namwona Florian amekaa na yule mrefu, wanacheka, wananiita mjinga. Ndege, ile ndege niliyompendea, ndiyo aliyoitumia kunifunika macho! Kungekuwa na sufuria la mafuta karibu, sijui ningefanya nini.

Lakini sikumwuliza kitu. Nikapanda gari kwenda Butiama.

"Matiko, vaa koti. Jumamosi tunakwenda kuoa."

"Kumuoa nani, dada?"

"Twende tu."

Jumamosi tukaingia kwa Mzee Mwikwabe wazee wamekaa kwa duara, togwa na pombe vimejaa. Florian kavaa suti. Na kichwani, jamani, ile kofia ya urubani!

Aliponiona, kofia ikampwaya.

"Ma... Mama Jeska..."

Kabla sijafungua mdomo, Hyasinta akanikimbilia, akapiga goti. "Shikamoo dada! Asante kwa kuja! Asante kwa ulivyonipokea!"

Nikarudi nyuma hatua moja. Nilikuja na kucha tayari, huyu ananishukuru?

"Nimekupokea wapi mimi?"

"Si wewe umetoa ng'ombe? Florian alisema umekubali anioe, niwe mdogo wako. Ile mashine yangu alisema umeiomba uwe unajifunzia."

Mzee Mwikwabe akagonga fimbo. "Mimi mwenyewe nilimwuliza. Niliona masikio yale, nikasema hii siyo alama ya kwa akina Masatu, mimi sipokeagi ng'ombe za watu. Akaapa mbele ya wazee hawa. Akasema ng'ombe ni za mke wake, na mke wake amezitoa kwa moyo mweupe."

Nikamgeukia mume wangu. "Uliapa hivyo?"

Akaanza kurekebisha kofia.

"Baba Jeska, uliapa au hukuapa?"

"Niliapa..."

Na hapo, wapendwa, ndipo Mungu aliponifungua kinywa.

"Wazee wangu, nawaamkia. Mimi nina mabinti watupu, sina mtoto wa kiume. Ng'ombe ni zangu, kaka yangu huyu hapa ni shahidi. Na huyu naye ameapa mbele yenu kwamba ni zangu na nimezitoa mimi. Sasa naomba mnifundishe desturi. Mahari ikitoka kwenye ng'ombe za mwanamke asiye na mtoto wa kiume... muoaji ni nani?"

Wazee wakatazamana. Vibuyu vya pombe vikawekwa chini.

Kwa msiojua: huku kwetu kuna nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe zake, anaoa mwanamke mwenzake, watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Ni ndoa ya kimila kamili, na wazee wote pale walikuwa wanaijua kuliko mimi.

Mzee mmoja akaanza kucheka, mabega yanacheza. "Mwenye ng'ombe ndiye mwenye mke. Hakuna namna."

"Hapana!" Florian akaruka. "Wazee, mimi ndiye niliyezileta!"

Mzee Mwikwabe akamtazama. "Ulizichunga mpaka hapa. Ahsante kwa kuchunga. Kaa chini."

Watu waliangua kicheko mpaka pombe ikamwagika. Hyasinta hakucheka. Alisimama mbele ya Florian, macho yamejaa machozi.

"Kumbe dada hakujua kitu?"

"Hyasinta, nisikilize..."

"Umeniongopea mimi, ukamwongopea baba yangu." Akamgeukia mzee. "Baba, mimi naenda kwa Mama Jeska."

Nitasema ukweli. Hata wakati ule, alivyosimama karibu yangu na urefu wake na uzuri wake, roho iliniuma. Nilitamani nimvute nywele. Lakini nilipomwona analia nikajua tumeumwa na nyoka mmoja.

Mzee akauliza, "Na mwanamume wa kuzaa naye utamchagua wewe, kama desturi?"

"Atamchagua mwenyewe. Ila yule mwenye kofia hayumo."

Tukaondoka naye siku hiyo hiyo.

Tulifungua chumba Iringo, mimi na yeye, kwa pesa zangu za sangara. Safari hii boksi nililifungua kabla ya kununua, nikaona kadi kwa macho yangu. Hyasinta alifundisha, mimi nikakaa mlangoni. Vijana walipanga foleni mpaka barabarani, na ndege ikapaa juu ya ziwa laini kabisa. Baadaye akampata mwalimu mmoja mpole wa Tarime. Nikamwachia aolewe kwa baraka zote, mahari mpya ikaingia kwa baba yake, na kwa desturi ng'ombe zangu wakarudi Butiama, wameongezeka na ndama.

Dada zangu, mumeo akikwambia jambo ni la kitaalamu, hutalielewa, hapo hapo vuta kiti ukae ujifunze. Uongo mwingi wa ndoa unaishi ndani ya boksi ambalo mwenzako anaamini hutalifungua. Na wivu ukikupata, usitume mikono. Tuma macho na masikio.

Mnauliza kama niliachana na Florian?

Sikuachana naye. Alikuja chumbani kwetu Iringo, kainamisha kichwa, akaniomba arushe kidogo tu. Nikamwonyesha benchi. Akakaa kwenye foleni na wanafunzi wa sekondari, akalipia kama wao. Alirusha vizuri, jamani, sijawahi kuona mtu anashusha ndege taratibu vile, nikasahau hasira zote nikasogea nyuma ya kiti chake.

"Mama Jeska," akasema bila kugeuka, "kiti cha rubani msaidizi kiko wazi."

"Nakijua," nikamjibu. "Na ufunguo wa chumba ninao mimi."