Maji Yaliyorudi Kwenye Chupa

Kila asubuhi Bi Joha alimkalisha mumewe karibu na tangi la kioo la samaki. Mzee Abubakari alifanya kazi ya reli Kilosa hadi alipostaafu. Sasa miguu yake haina nguvu. Binti yao Yusrah ndiye aliyemletea samaki hapa Mikumi, wamchangamshe. Mzee akawapa majina ya stesheni.

"Kimamba yupo. Kidete yupo. Gulwe kachelewa, kama kawaida yake."

Bi Joha alicheka. Tangu mzee augue, ni samaki hawa tu waliomrudishia utani.

Juu ya kabati palikuwa na chupa ya plastiki yenye maji, sukari na hamira. Vikichachuka, vilitoa hewa ukaa. Hewa hiyo ilipita kwenye mpira mwembamba hadi chini ya tangi, ikalisha majani yaliyooteshwa humo.

Siku moja akina mama wa msikitini walikuwa wanakuja kusoma dua. Bi Joha akanusa chupa.

"Astaghfirullah! Watasema tunapika pombe."

Akaishusha, akaificha sakafuni nyuma ya pazia. Akalegeza kifuniko kidogo, isije ikapasuka. Wageni walipoondoka, akaisahau.

Asubuhi alikanyaga maji. Sakafu ilikuwa imelowa. Tangini yalibaki maji kidogo tu, na samaki wamelala ubavu.

"Mama Yusrah, stesheni zangu!" Mzee alipaza sauti.

Bi Joha alimwita jirani yake Upendo, anayetunza samaki kwenye nyumba ya wageni. Akaja mbio.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Tazama!"

Upendo akachomoa mpira. "Kuna maji yaliyolala humu ndani, yaliyokwisha kutoka dawa ya bomba?"

"Ya udhu, kwenye ndoo."

"Hayo hayo. Mimina taratibu."

Kimamba akatikisa mkia. Kidete akainuka. Gulwe bado alikuwa amelala ubavu, akihema kidogo.

"Nani ameshusha chupa?" Upendo aliuliza.

"Mimi. Niliona aibu."

"Maisha yote ananihubiria," mzee akasema, "leo kaficha chupa yeye!"

Wakacheka, hata Bi Joha.

"Hewa ikitoka kwa nguvu, huyazuia maji," Upendo alieleza. "Ulipolegeza kifuniko, hewa ikatokea huko. Chupa iko chini, tangi liko juu. Maji yakashuka na mpira, yakajaza chupa, yakamwagika."

"Na kama nisingelegeza?"

"Sukari ikiisha au chupa ikipoa, maji yanaweza kurudi vilevile. Lakini usizibe mpira kabisa, chupa itapasuka."

Akaenda kwake, akaleta kidude kidogo. "Hii ni valvu ya njia moja. Puliza huku, mama."

Pumzi ikapita.

"Sasa upande wa pili."

Mashavu ya Bi Joha yakavimba. Pumzi haikupita.

"Mshale uelekee kwenye tangi. Valvu ikae juu ya usawa wa maji, na chupa irudi kabatini. Ukiona mapovu yamekoma, toa mpira majini. Na kila ukibadilisha sukari, ipime valvu tena, maana huchoka."

Majuma yakapita. Asubuhi moja ya baridi mapovu yalikuwa yamekoma. Bi Joha akakimbilia tangi. Maji yalikuwa yamepanda mpirani hadi kwenye valvu, yakaishia hapo. Sakafu kavu.

"Alhamdulillahi." Akautoa mpira majini.

Mzee akaita kutoka kitandani, "Kimamba?"

"Yupo."

"Kidete?"

"Yupo."

Mzee akajiinua kwa kiwiko. "Gulwe je?"

Bi Joha akainama. Nyuma ya majani, mkia mdogo ulicheza.

"Kachelewa, mume wangu. Lakini kafika."