Cube Nne za Mbelu

Kila alasiri, akitoka shule, Mbelu alivua sare, akajifunga kitenge na kuwasha makaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa wiki tatu sasa jiko la nyumba yao ya Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, lilikuwa lake. Mama yake, Mushiya, aliuza mboga sokoni hadi jioni. Baba yake, Tata Ngeleka, aliendesha lori kubwa mgodini. Aliugua shinikizo la damu, ambalo watu wa huku huliita tension.

Muuguzi alikuwa amemkataza chumvi, au munyu kwa watu wa huku, na siku ileile Mushiya aligawa kopo lote kwa jirani. Jioni hiyo Tata Ngeleka alionja sombe, mboga ya majani ya muhogo, akasukuma sahani, akalala na njaa. Mbelu aliumia sana. Kesho yake alipata wazo: cube, vile vipande vidogo vya kuungia mchuzi! Kwani baba amekatazwa cube? Amekatazwa chumvi! Akatia nne. Baba akalamba vidole.

"Huyu mutoto anajua kupika!" alisema. "Munyu hakuna, na bado chakula iko tamu!"

Mushiya alimsifu mwanawe soko zima. Mbelu naye kichwa kikamvimba, ila habari ya cube hakumwambia mtu.

Jumamosi moja walikwenda wote watatu kliniki kupima tena, maana mgodi ulitaka karatasi ya kuonyesha kwamba Tata Ngeleka anaweza kuendesha. Muuguzi, Mama Josée, alifunga kipimo mkononi mwa Tata Ngeleka, akakitazama, akakifungua. Akakifunga mkono wa pili. Uso ulimbadilika.

"Kumi na tisa kwa kumi na moja!" alisema, yaani mia na tisini kwa mia na kumi. "Mara ya kwanza ilikuwa kumi na saba. Tata, unakula munyu?"

"Hata kidogo, Mama. Uliza bibi yangu," alisema, akimwonyesha mkewe.

Mushiya alishika kifua. "Mungu wangu! Munyu ilitoka ku nyumba siku ileile!"

"Na hii tension, mushipa inaweza kupasuka ku kichwa hata leo," alisema Mama Josée. "Siwezi kukupa karatasi ya kuendesha lori. Ukianguka na usukani mu mikono, utaua hata benzako ba kazi."

Leo! Mbelu alikumbuka zile cube nne. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini alimwona baba yake anatokwa jasho, yule baba asiyeogopa kitu, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Mama Josée," alisema kwa sauti ya chini, "mi naweka cube. Nne, kila siku. Lakini cube haiko munyu!"

Mama Josée hakumgombeza. Alitoka hadi kwa muuza duka wa mlangoni, akarudi na pakiti ya cube. "Uko mwaka wa sita, unajua Kifaransa. Soma vile biliandikwa hapa nyuma. Anza na neno la kwanza."

Mbelu alisoma. Akasoma tena, labda macho yamekosea.

"Sel," alisema. Chumvi! Ya kwanza kabisa kwenye orodha! Wiki tatu alikuwa amempikia baba yake chumvi kwa mikono yake mwenyewe. Akaangua kilio, na mama yake, aliyepigwa na butwaa, hakujua ambembeleze nani kwanza.

Mama Josée aliongeza vidonge. Akaagiza Tata Ngeleka aache bia na atembee kwa miguu kila siku, na mboga ziungwe kwa kitunguu, nyanya na ndimu tu. Samaki wa chumvi pia marufuku. Kwa mwezi mzima Tata Ngeleka alikula huku amekunja uso, lakini alikula.

Walipopima tena, ilikuwa kumi na nne kwa tisa. Mama Josée aliandika ile karatasi.

"Tata, unisamehe," Mbelu alisema. "Ningekuua."

Tata Ngeleka alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. "Mutoto wangu, mi nilijua."

Mbelu alimkodolea macho.

"Sikujua ni cube. Lakini ulimi yangu ilisikia munyu toka siku ya kwanza. Nilinyamaza juu chakula ilikuwa tamu. Weye ulikosa kusoma, mi nilikosa kuuliza. Na weye ulisema kweli, mi hapana."

Mama Josée alimpa Mbelu kalamu na karatasi tupu.

"Dawa peke yake haitoshi," alisema. "Hii ugonjwa inapikwa pole pole mu nyumba, kila siku, na ni mu nyumba banaizuia. Andika kila kitu unaweka mu sufuria. Baba yako atasoma kwanza, kisha atakula."