Koti la Daktari Maucourt

Hebu fumba macho, umwone mwanamume akipanda ngazi za nyumba moja mjini Lyon, jua likizama. Amevaa koti jeusi, mikono ya koti hilo imekakamaa kwa damu na usaha wa miaka mingi.

Huyo ni Évariste Maucourt, daktari mpasuaji. Zama hizo wapasuaji hawakufua makoti yao. Lililokakamaa ndilo lililompa mtu heshima. Alasiri alipasua maiti ya mwanamke aliyekufa kwa homa ya uzazi, mbele ya wanafunzi wake. Sasa anakwenda kumzalisha bintiye wa pekee, Honorine.

Ngazini, mtu akamshika mkono.

Kiganja baridi... baridi mno.

"Daktari," mwanamke akanong'ona. "Livue hapa."

"Nivue nini? Wewe nani?"

"Usituingize kwa mwanao."

Akageuka. Mwanamke alikuwa uchi, tumbo limeshonwa kwa uzi mnene. Maucourt aliutambua mshono. Alikuwa ameushona mwenyewe alasiri ile.

Nyuma ya mwanamke huyo, ngazi nzima, walisimama wanawake wengine, matumbo yao yameshonwa vivyo hivyo.

Akapepesa macho.

Hakuna mtu. Ilibaki harufu tu... tamu, nzito, ya nyama iliyoanza kuoza.

"Uchovu huu," akajiambia, akacheka, akasukuma mlango.

Mkunga, Mama Bérarde, akaziba pua. "Mh! Koti hilo linanuka, daktari."

"Ndiyo harufu ya kazi, bibi. Koti safi ni la mwanafunzi."

"Basi nawa hata mikono."

"Nawe nenda jikoni ukachemshe supu!"

Akaingiza mkono kama ulivyo, akamgeuza mtoto. Mtoto akatoka salama, akalia kwa nguvu.

Haikupita wiki, homa ikampanda Honorine. Tumbo likavimba, likawa gumu kama ubao. Baba akaketi kando yake, koti mwilini.

"Baba... waambie hao wanawake watoke."

"Wanawake gani, mwanangu?"

"Uliokuja nao. Wanalia, baba. Wanasema walikuomba."

Akakata roho kabla ya jua kuzama.

Ndipo Maucourt alipolivua koti, akalitupa sakafuni.

Halikuanguka.

Lilisimama wima, mikono yake imejaa kana kwamba limevaliwa, likaelekea polepole kwenye kitanda cha mtoto.

Mtoto yule aliishi au hakuishi, waliokuwamo hawakupenda kusema. Nami sikulazimishi ukumbuke hayo. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: jioni ile ya kujifungua, aliposikia sauti ya baba yake mlangoni, Honorine alitabasamu, akasema, "Sasa siogopi tena."