Chupa ya Bibi

Mtungi wa kioo ulibaki mmoja tu dukani, na mikono miwili ikaushika kwa pamoja.

"Dada, nimeuona mimi kwanza," mwanamume alisema.

"Umeuona. Mimi nimeushika."

Duka la vyombo lilifurika watu, masufuria yakigongana kila mtu alipogeuka. Dada mwenyewe alikuwa fundi cherehani, gauni la kijani limemkaa sawasawa, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama mkufu. Kazini walimwita Sindano, kwa sababu ya ulimi wake. Mwanamume alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri na miwani yenye ufa kwenye kioo kimoja.

"Wa nini kwako?" aliuliza Sindano.

"Naloweka matunda kwenye pombe kali. Zawadi zangu huwa sinunui, natengeneza. Na wewe?"

"Wa kuwekea vifungo."

"Vifungo hata kwenye kopo vinakaa, jamani!"

"Na wewe kazi yako nini?"

"Fundi miwani."

Sindano aliutazama ule ufa, akacheka mpaka akauachia mtungi. "Chukua. Ila nitaonja."

Alionja kweli. Jumapili zilizofuata alijifunza mengi jikoni kwa Fundi Miwani: kumenya chungwa kwa wembamba, ule weupe wa ndani usiingie kwani ni mchungu, kutoboa zambarau kwa sindano, moja moja, pombe ipate pa kupitia, kutikisa mtungi kila siku kwa siku arobaini. Yeye naye alileta kitambaa cha melimeli cha kuchujia.

"Mpenzi, kitambaa hiki kizuri mno kwa kazi hii," Fundi Miwani alimwambia.

"Hata wewe ni mzuri mno kwa miwani hiyo, na bado unaivaa."

Lakini Sindano aliwahi kudanganywa, na mtu aliyewahi kudanganywa hahesabu busu, anahesabu dalili. Ya kwanza: mitungi ilikaa kwenye kabati lenye kufuli. "Mwanga unaharibu rangi," alisema mwanamume. Ya pili: Jumamosi moja kila mwezi alisafiri, akarudi amenawiri. Ya tatu ilikuwa kwenye karatasi zilizobandikwa mitungini. Ya mwenye nyumba. Ya bosi. Ya shemeji. Na ule wa zambarau, mkubwa kuliko yote, mtungi walioukutania dukani: Ya Bibi.

"Huo usiguse, mpenzi. Una mwenyewe."

Nyumbani kwa kina Sindano, ukisema bibi wa mtu, umesema mke wake. Siku hiyo zambarau alizozitoboa yeye mwenyewe zilimtazama kupitia kioo kama macho.

Jumapili iliyofuata simu ya Fundi Miwani ililia mezani huku mwenyewe akiosha chupa. Jina: Bibi. Ujumbe: "Mume wangu, chupa yangu iko wapi? Au umeoa mwingine?"

"Bibi ni nani?" Sindano aliuliza.

"Bibi yangu! Sijakuambia?" Mwanamume aligeuka akitabasamu, povu mpaka kwenye viwiko. "Jumamosi twende wote ukamwone. Nimeshamweleza habari zako."

"Umemweleza?"

"Amefurahi huyo! Anasema amechoka kunipikia peke yake, nimletee mke mwenzake."

Sindano alichukua mkoba wake. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mwanamume. Simu zake hazikupokelewa tena. Alipofika kwenye karakana ya ushonaji, wenzake Sindano walimjibu kama walivyofundishwa, "Hayupo," naye Sindano akiwa nyuma ya pazia la kupimia, kiganja mdomoni.

Zilipita wiki saba.

Siku moja asubuhi Fundi Miwani aliingia bila kuuliza kama yupo. Alivaa shati jeusi. Aliweka juu ya meza ya kukatia kile kitambaa cha melimeli, kimefuliwa na kupigwa pasi, doa la zambarau limegoma kutoka. Kando yake akaweka chupa ndogo.

"Nimeleta chako. Na hii aliituma Bibi, kabla hajafariki."

Mashine zote zilinyamaza.

"Pole," Sindano alisema, na akashangaa kwamba kweli amemwonea huruma. "Pole sana kwa kufiwa na mkeo."

"Mke gani?"

"Si bibi yako?"

"Bibi. Mama yake mama. Aliyenilea."

Sindano alivuta kigoda akakaa. "Kwetu huyo ni nyanya," alisema polepole.

"Kwetu nyanya zinauzwa sokoni."

Hakuna aliyecheka, ingawa mzaha ulikuwepo.

"Alikuita mume wangu."

"Tangu nimezaliwa. Nyanya yako wewe hakutanii?"

Alimtania. Marehemu nyanya yake, hadi mwisho, alimwita mke mwenzangu, kwa ajili ya babu. Sindano alijua utani huo kama anavyojua kiganja chake, na hakuutambua ulipokuja umevaa neno geni. Na yule mzee alimngoja Jumamosi ile.

Aliinua chupa. Karatasi yake haikuwa na mwandiko wa Fundi Miwani. Herufi zilitetemeka, zikapanda mlima kuelekea pembeni: *Ya mke mwenzangu. Mchukue huyu, mimi nimemchoka.*

Sindano alicheka, kicheko kikageuka kwikwi katikati. Wenzake wakajifanya wanatafuta uzi. Alikunywa kifuniko kimoja, akamjazia mwanamume cha pili. Utamu ulitangulia, kisha ukali, kisha joto likashuka taratibu.

"Ungeniuliza tu," mwanamume alisema.

"Nilikuuliza. Ukanijibu kwa lugha ya kwenu." Alijifuta macho kwa melimeli, upande usio na doa. "Zambarau zikiiva tena, tunaloweka. Ila mtungi wangu usiuandike Ya Bibi."

"Niuandike nini?"

"Andika Ya mke. Hilo kwetu na kwenu ni moja."