Msiba wa Vyungu Sita

Kila alasiri Gakii alipotoka shule, alishuka treni Lidcombe, akapita duka la Wakorea linalonuka samaki wa kukaushwa, akafika nyumbani, akavua viatu, akachukua mkate na kujilaza kifudifudi kwenye kochi akitazama simu. Ukimwita wakati huo alijibu, "Ndiyo." Ukimwuliza swali, jibu lilikuwa lile lile. Siku moja baba yake, Douglas, dereva wa basi na mtu wa mizaha, alimwuliza kama angependa kupikiwa soksi za kukaanga kwa chakula cha jioni. Gakii akasema, "Ndiyo, Baba, asante."

Ni kwenye kochi hilo Mama Kasoki alikomkuta mwishoni mwa Aprili.

Mama Kasoki alikuwa jirani yao wa fleti ya chini, Mkongo wa kutoka Butembo, mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Huko alimhudumia mzee mmoja, Bwana Whitlock, ambaye kabla ya kufariki alimwachia hosta za marehemu mkewe. Hosta ni mmea wa kivulini. Hauzai tunda wala hauliwi. Watu huupendea majani yake tu, mapana kama ya nduma, yenye ukingo mweupe. Mama Kasoki alikuwa nazo vyungu sita nyuma ya jengo, mahali pasipofika jua, na nia yake ilikuwa kuzipanda kuzunguka benchi alilopenda kukalia yule mzee, baridi ikishapita.

"Gakii, mi naenda Perth," alisema. "Binti yangu Léonie anakaribia kuzaa. Utaniangalilia maua yangu?"

"Ndiyo."

"Bon. Siku ya kupanda tutaenda wote kwa wazee. Wewe ndiye utapanda ya kwanza, na chungu kimoja kitakuwa chako."

Hapo Gakii aliinua kichwa. Hakuwa amewahi kuwa na kitu hai cha kuita chake. Mwenye nyumba hakuruhusu hata paka. "Changu kabisa?"

"Chako kabisa."

Gakii alifurahi, akarudi kwenye simu yake. Mama Kasoki akaendelea kueleza: nini kitatokea baridi ikija, maji yatiwe kiasi gani, lipi la kuogopa na lipi la kuachwa kama lilivyo. Alieleza vizuri, kwa mikono na kwa macho, na Kiswahili kilipompungukia akaongeza Kifaransa. Yote yaliingia sikio hili yakatokea lile.

"Umesikia?"

"Ndiyo."

Mwezi Mei, baridi ya nchi hiyo ilipokaribia, hosta zikaanza kugeuka rangi ya manjano. Juni ilipoingia na upepo wake wa kukata masikio, majani yakalegea, yakalala juu ya udongo kama mchicha uliosahauliwa jikoni, kisha yakatoweka. Vikabaki vyungu sita vya udongo mtupu.

Gakii alikagua chungu kimoja baada ya kingine. Miti ya barabarani ilipukutisha majani, ndiyo, lakini mti hubaki na shina na matawi yake. Hizi hazikubaki na kitu. Wazazi wake walikulia Meru, ambako migomba na kahawa huwa kijani mwaka mzima, na nyumbani kwao mmea usiokuwa na jani hata moja uliitwa kuni. Kwa hiyo hakuwa na shaka: hosta za marehemu zilikuwa zimemfia mikononi.

Akajaribu kuzifufua. Akazimwagilia maji asubuhi, akazimwagilia tena jioni. Akasaga tembe ya vitamini ya mama yake, akaikoroga kwenye chai baridi yenye sukari, akazinywesha. Chungu kikubwa kuliko vyote, chenye shina la chini ya udongo alilolichimbua Bwana Whitlock kwa mkono wake, alikipa chai vikombe viwili. Hakuna kilichoota.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Kasoki alipiga simu.

"Maua yangu iko namna gani, ma fille, binti yangu?"

Gakii alifungua kinywa aseme kweli. Uongo ukatangulia kutoka. "Ziko salama. Zimenawiri."

"Zimenawiri? Katika baridi hii?"

"Sana. Za kijani kabisa."

"Hee. Mungu ni mkubwa," alisema Mama Kasoki.

Uongo una tabia ya mgeni asiyejua kuaga. Jumapili iliyofuata ilibidi hosta ziwe zimekua zaidi, na iliyofuata hiyo zikaota majani mapya. Kila mara Mama Kasoki aliuliza taratibu, "Kweli, Gakii? Hakuna kitu unataka kuniambia?" na kila mara Gakii alisema hakuna. Mwisho mama wa watu akaomba picha.

Gakii alimweleza rafiki yake Aline shida hiyo kwenye treni.

"Hilo nalo ni la kukunyima usingizi?" Aline alisema. "Kwenye picha nani atajua? Jani ni jani."

Siku hiyo Gakii hakukaribia kochi. Alichukua kisu, akaenda barazani ambako mama yake alilima sukuma wiki ndani ya sanduku, akakata majani makubwa yote, akashuka nayo na kuyachomeka kwenye udongo wa vyungu. Yalisimama kama askari waliochoka. Akapiga picha haraka kabla hayajainama, akaituma.

Jibu lilikawia. Kisha sauti ya Mama Kasoki ikaja, imebanwa kidogo kama ya mtu aliyejifunika shuka mdomoni: "Aksanti, mwanangu. Imekuwa kubwa kweli."

Jioni mama yake Gakii alirudi kutoka hospitali ya Westmead alikokuwa muuguzi, akasonga ugali, akatoka barazani kuchuma mboga. Alirudi mikono mitupu. "Nani amekata sukuma wiki yangu?"

"Posamu," alisema Baba, ambaye kila kilichoharibika nyumbani aliwasingizia wale wanyama wadogo wanaozurura mapaani usiku.

"Posamu mwenye kisu? Gakii, umemwona?"

"Ndiyo," alisema Gakii, akainamia ugali wake mkavu.

Katikati ya Agosti Mama Kasoki alitangaza kwamba mjukuu amenenepa vya kutosha, naye angerudi Jumamosi. Gakii aliona njia moja tu iliyobaki. Atamwaga kila kitu kwenye pipa la taka za bustani, lile la kifuniko cha kijani, kisha aseme wezi wamepita. Alhamisi alasiri alikikumbatia chungu kikubwa, akakiburura mpaka kwenye pipa, na alikuwa ameshafungua kifuniko mama yake alipotokea, bado amevaa sare ya kazi.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha."

Mama alitazama chungu. Akatazama vingine vitano ambavyo juu yake yalilala majani makavu ya sukuma wiki. Muuguzi ameshazoea kusoma ugonjwa kwenye uso wa mtu, sembuse uso wa mwanawe. "Keti hapa," alisema, akaketi kwenye ngazi.

Gakii akaeleza yote, kuanzia kochi hadi kisu. Mama alishika tama.

"Hizi ni zile alizoachiwa na marehemu?"

"Ndiyo."

Ilikuwa ndiyo ya kwanza mwaka huo ambayo aliitoa moyoni, na machozi yakaifuata. "Alisema nitapanda ya kwanza, Mama. Sasa hata hatanisalimia."

"Hatutupi kitu," alisema Mama, akimfuta machozi. "Tutamwambia. Lakini habari ya kifo hailetwi mikono mitupu, wala haitamkwi ghafla kama mtu anayetangaza treni. Nitampigia Mzee Omollo."

Mzee Omollo alikuwa msemaji wa Wakenya wa kanisa lao. Hakuna mahari wala matanga yaliyofanyika bila yeye, na hakuwahi kusema kwa dakika moja neno linaloweza kusemwa kwa saa nzima. Alipoelezwa kwamba marehemu ni maua, alisema msiba ni msiba, akaja na tai nyeusi.

Jumamosi jioni wakashuka kwa Mama Kasoki: mbele Mzee Omollo, nyuma yake Mama na mkate, sukari na majani ya chai, kisha Gakii. Baba alibaki nje akipangusa matope kwenye viatu vyake vya kazi. Mama Kasoki aliwapokea kwa furaha, lakini alipoona sukari na tai nyeusi, furaha ikamtoka.

"Mama Kasoki," alianza Mzee Omollo, amefumba macho, "binadamu hupanga, na Mungu hupangua. Uliondoka hapa ukawaacha wote wazima."

"Ndiyo," alisema Mama Kasoki, akitafuta kiti kwa mkono.

"Baridi ikaja. Wakaanza kudhoofika. Mama huyu ni muuguzi, lakini kuna magonjwa yanayowashinda hata wauguzi. Leo tunavyozungumza, kuna wenzetu hatunao tena."

Mama Kasoki alizungusha macho chumbani akiwahesabu watu. Alimwona Mama. Alimwona Gakii anayelia. Baba hakumwona. Akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Douglas," alilia. "Yesu wangu, Douglas, aliyenibebea sanduku mpaka stesheni."

"Naam?" aliitika Douglas, akiingia na kiatu kimoja mkononi.

Mama Kasoki alipiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka Auburn, kitongoji cha jirani. Mzee Omollo, aliyekuwa bado amefumba macho, aliruka kutoka kitini, na mkate ukaanguka.

Gakii hakuweza kuvumilia tena. "Hakuna mtu aliyekufa," alisema kwa haraka. "Ni hosta. Zimekufa zote tangu Juni. Nilikudanganya kila Jumapili. Hata ile picha ilikuwa ya sukuma wiki."

Mama Kasoki alimtazama, mikono ikiwa bado kichwani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kisha kile kicheko chake kikatoka, madirisha yakaitikia.

"Najua ni sukuma wiki," alisema akifuta macho. "Mi na Léonie tulicheka mpaka mtoto akaamka. Gakii, hosta haifi na baridi. Inalala. Majani yote inaanguka, mizizi inabaki chini, inangoja joto. Tangu siku ile ya kwanza uliponiambia iko kijani, nilijua ni uongo. Nilikueleza yote hii kabla ya kwenda."

"Ulinieleza?"

"Kwenye kochi. Ulisema ndiyo."

Mzee Omollo akakohoa, akafungua tai.

"Nilingoja uniambie mwenyewe," aliendelea Mama Kasoki. "Kila Jumapili nilikufungulia mlango. Haya, twende tukaone hao marehemu."

Nyuma ya jengo alichimbua kwa kidole chungu cha kwanza, akamwonyesha Gakii ncha ndogo nyeupe iliyojificha udongoni. "Hii ni jicho. Humo ndani kuna majani ya mwaka mzima." Chungu cha pili kilikuwa na macho, na cha tatu, cha nne na cha tano. Gakii alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Kisha Mama Kasoki akaingiza kidole kwenye chungu kikubwa, akakitoa na kukinusa.

"Hii umeifanya nini?"

"Nilimwagilia. Asubuhi na jioni. Na chai."

Mama Kasoki hakucheka tena. Aliumwaga udongo wote chini. Shina la Bwana Whitlock lilikuwa limelainika na kunuka kama viazi vilivyooza. Alileta kisu, akakata kipande baada ya kipande, mpaka kikabaki kipande kidogo kigumu chenye jicho moja.

"Mmea uliolala haunywi," alisema. "Ungeniambia Juni, ningekukataza maji siku hiyo hiyo. Na mi pia nina kosa, nilicheka mno nikasahau kuuliza habari ya maji." Alikipanda kile kipande kwenye udongo mkavu, akampa Gakii. "Hiki ndicho chungu chako. Kikichipua, utapanda ya kwanza, kama nilivyosema. Kisipochipua, utabeba ndoo, wengine watapanda."

Tangu siku hiyo Gakii alipotoka shule alipitia kwanza nyuma ya jengo. Hakumwaga hata tone. Alichuchumaa tu akatazama, na wakati mwingine akaomba radhi kwa sauti ndogo, Aline akimcheka. Septemba ilipoleta joto, vyungu vitano vikatoa machipukizi yaliyoviringika kama mikeka midogo. Cha sita kikanyamaza. Ndoo ilishaandaliwa, na Gakii alishazoea kuitazama, alipokuta asubuhi moja ncha ya kijani, ndogo kuliko ukucha, imepasua udongo. Alipanda ngazi mbio akawaamsha wazazi wote wawili, na Baba, aliyetoka zamu ya usiku, akauliza kama ni posamu.

Siku ya kupanda, chini ya ukuta wenye kivuli katika nyumba ya wazee, Gakii alichimba shimo la kwanza kando ya benchi. "Nataka yangu ikae hapa," alisema. "Ni shina la Bwana Whitlock. Nitakuja kuitazama."

Mama Kasoki alipiga magoti karibu yake, wakashindilia udongo pamoja.

"Sikia, mwanangu," alisema. "Hosta haina aibu. Baridi ikiishinda, inaanguka mbele ya watu wote, na anayeijua anaisaidia mpaka inasimama. Wewe ulianguka ukajichomekea majani ya mboga, na huku chini kitu kikawa kinaoza. Kosa lililosemwa mapema ni dogo. Ukinyamaza nalo, linakula mpaka shina."

Gakii aliitikia kwa kichwa, akapangusa mikono.

"Bon. Sasa joto linakuja. Maji ni asubuhi, si juu ya majani. Na konokono wanapenda hosta kuliko mi ninavyopenda samaki, kwa hiyo utazungushia maganda ya mayai, halafu jioni utawaokota mmoja mmoja. Umesikia?"

Simu ililia mfukoni mwa Gakii. Aliizima bila kuitazama.

"Bado," alisema. "Hapo kwenye konokono sijaelewa. Nieleze tena."