Siku Pelagia Alipowaamsha Bundi

Upepo uligeuka Mado akiwa amesimama katikati ya mtumbwi, mikono juu, anapiga kelele za furaha.

"Pelagie, ona! Ona bale bata! Ziwa yote inaruka!"

Na kweli ziwa zima lilikuwa linaruka. Bata wenye vichwa vya kijani, bata wenye vichwa vyekundu, bukini weupe, hata kukuziwa weusi ambao siku zote ni wavivu wa kuruka, wote waliinuka kwa mpigo mmoja. Maji yakavuma, anga ikajaa mbawa. Pelagia alinyanyua darubini, lakini aielekeze wapi? Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka yote aliyokaa Texas hajapata kuona kitu kama kile! Hakuna aliyejiuliza kwa nini ndege wote wale wanakimbilia kusini kwa wakati mmoja.

Jibu lilikuja na kuwapiga mgongoni. Asubuhi ilikuwa ya joto, mtu anatembea bila kufunga koti. Sasa upande wa kaskazini mbingu ilikuwa imepigwa mstari mweusi kama mkaa, na kutoka kwenye mstari huo ukashuka upepo wa baridi kali, baridi ya kukata masikio. Wimbi la kwanza liliuinua mtumbwi ubavuni.

"Kaa chini, Da Mado! Kaa!"

Mado hakuwahi kukaa. Alipepesuka, akashika hewa, akaenda majini chali.

Wacha tueleze wanawake hawa wawili walifikaje pale, maana mwenye akili zake angeuliza. Ilikuwa Jumamosi moja ya Januari mwaka 2004, ziwani, mwendo wa saa moja mashariki ya Dallas. Pelagia alikuwa mtu wa Marangu, karani wa ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, anakaa Euless na mumewe Melkiori na mama mkwe aliyekuja kutoka nyumbani. Mado alikuwa mtu wa Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, anafanya kazi kiwandani Haltom City. Walikutana kwenye kwaya ya Kiswahili, wakagundua kila mmoja ana wazimu uleule: ndege. Majira yale ya baridi walikuwa wamesikia kwa wazee watazama ndege kwamba kwenye kisiwa kidogo chenye majani marefu, katikati ya ziwa, wamehamia bundi wa kutoka kaskazini, bundi wanaolala chini kwenye nyasi na kuwinda jua likiwa bado lipo. Pelagia hakupata usingizi. Bundi wa mchana! Ni lazima amwone.

Lakini mtu utaagaje nyumbani kwamba unakwenda kumtafuta bundi? Mama mkwe alikuwa mwanamke ambaye bundi akilia tu kijijini, yeye hutoka nje na kijinga cha moto kumfukuza, asije akaita msiba. Na Melkiori, msomi wa watu, hakuwa na tofauti kubwa na mama yake. Basi Pelagia alisema anakwenda na Mado mjini Mesquite kumwona mzazi aliyejifungua wiki ile. Uongo ukahitaji vifaa. Alipika mtori, akaujaza kwenye chupa kubwa ya chai, akanunua na kitenge kipya cha njano na nyekundu cha kumtunza mzazi, vyote akavitia kapuni mbele ya macho ya mama mkwe, naye mama mkwe akaongeza chumvi kwenye mtori. Mtumbwi waliazima kwa Godefroid, mfanyakazi mwenzake Mado, ambaye siku hiyo alikuwa Houston harusini. Simu yake Pelagia aliiacha garini makusudi, maana Melkiori akipiga angesikia bata.

Na jaketi la kuokolea maisha? Pelagia alilivaa. Mado alilikalia kama mto.

"Miye nilizaliwa pa Tanganyika," alisema asubuhi. "Kwetu ata mutoto mudogo anajua kuogelea. Utanivalisha ile kitu?"

Kuogelea alijua, tena sana. Asichojua ni kwamba maji ya Texas mwezi wa Januari si maji ya Tanganyika. Alipoibuka, mdomo wake ulikuwa wazi lakini pumzi haiingii. Macho yalimtoka.

"Shika! Shika hapa!" Pelagia alilala kifudifudi ndani ya mtumbwi, akamdaka kwa ukosi wa koti. Kumvuta ndani ilikuwa haiwezekani, wangepinduka wote. Kasia moja lilikuwa limeshakwenda. Mawimbi yalimwagika ndani, maji yakamlowesha Pelagia kuanzia kiunoni kwenda chini. Alilia, akatukana, akamwomba Mungu na Mama Maria kwa pamoja, lakini mkono hakuuachia. Upepo ule uliowatia balaani ndio uliowasukuma. Uliwasukuma, uliwasukuma, mpaka miguu ya Mado ikagusa tope, na matete yakaanza kuwachapa usoni.

Kisiwa! Pelagia alimburuta Mado hadi pakavu, akarudi kuukokota mtumbwi, akaumwaga maji na kuuegemeza kwenye kisiki cha mti uliokufa, ukawa ukuta wa kuzuia upepo.

"Vua nguo."

"Pelagie, ba... baridi..."

"Vua, zimelowa! Nani atakuona hapa, bata?"

Mado alitetemeka kiasi kwamba hakuweza kushika kifungo. Pelagia alimvua kila kitu, akamvika koti lake mwenyewe, ambalo juu, chini ya jaketi la kuokolea, lilikuwa kavu, akamzungushia kile kitenge kilichokuwa salama ndani ya mfuko wa plastiki, akamfunika kwa majani makavu aliyoyang'oa kwa mikono. Kisha akafungua chupa. Mtori ulifuka moshi! Jamani, harufu ya ndizi na nyama katikati ya ule upepo! Alimnywesha kidogo kidogo kwa kifuniko, naye akajilamba yaliyomwagika vidoleni.

"Mzazi wa Mesquite anatulisha," alisema, na wote wawili wakacheka, meno yanagongana.

Simu ya Mado ilikuwa imekufa maji mfukoni. Gari lilikuwa ng'ambo, kwenye kichaka ambako hakuna mtu anayepita. Hapo ndipo Pelagia alipopiga hesabu. Usiku ukiingia Melkiori atahangaika, ndiyo. Atapiga simu Mesquite. Atazunguka Mesquite yote, hospitali zote, polisi wote. Hakuna mtu duniani atakayefikiria kwenda ziwani. Alikuwa ameuziba mlango kwa mikono yake mwenyewe.

"Watakuja kesho," alisema.

Pelagia aligeuka, akamwona Mado ametulia, hatetemeki tena.

Mtu mwingine angefurahi. Pelagia hakufurahi, maana kule ghalani kulikuwa na vyumba vya mizigo ya barafu, na kila mwaka waliwekwa kitako kuonyeshwa mkanda wa video juu ya baridi. Kitu kimoja alikishika: mtu aliyepigwa na baridi akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, anakwenda.

"Da Mado! Fumbua macho. Uvira ni wapi?"

"Kwetu..." Sauti ilikuwa nzito kama ya mlevi. "Acha nilale kidogo. Joto imekuja."

"Hakuna joto! Usilale! Ukilala nakuchapa!"

Alimchapa kweli. Alimkumbatia, akampulizia shingoni, akamwimbia nyimbo za kwaya kwa sauti iliyokauka. Mtori ulikuwa umebaki kidogo chini ya chupa, na Mado hamezi tena. Jua lilikuwa linashuka. Hadi kesho hafiki, Pelagia alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akasimama aongeze majani.

Hatua chache tu, na ardhi ikaruka.

Ndivyo alivyoona. Kipande cha nyasi kilipasuka miguuni pake, kikawa mbawa, mbawa ndefu za rangi ya majani makavu, bila sauti yoyote. Uso wa duara ukageuka angani, macho ya njano yaliyozungushiwa wanja mweusi yakamtazama moja kwa moja.

"Bundi!" Pelagia alipiga ukelele. "Mado, bundi! Mungu wangu, ni mzuri!"

Aibu ilimshika papo hapo. Mwenzake anakufa, yeye anafurahia ndege! Lakini furaha haikuomba ruhusa, ilimjaa kifuani, ikampasha moto. Na ndani ya moto huo akili ikafunguka. Kama yeye ameuvuka mji mzima na kumdanganya mama mkwe kwa ajili ya bundi huyu, kuna vichaa wengine. Na anawajua! Kila Jumamosi ya majira haya, kabla ya jua kuzama, hujipanga juu ya ukuta wa bwawa unaolizuia ziwa hili, na darubini zao za miguu mitatu, wanasubiri bundi watoke kuwinda. Baridi haiwarudishi nyumbani watu wale. Ndiyo kwanza inawatoa.

Alinyanyua darubini iliyoning'inia shingoni. Ukuta wa bwawa ulionekana mbali, mstari mrefu wa kijivu. Magari. Na mbele ya magari, vijitu vyenye makoti manene, vimejipanga. Wamekuja! Aliruka na kupunga mikono, akaita. Wapi! Upepo uliirudisha sauti usoni pake, na darubini zote zilikuwa zimeelekea kwenye nyasi zilizo chini ya ukuta. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kutazama kisiwani.

Basi atawapa sababu.

Alijua ni mwiko. Wazee wa ndege, hao hao wa ukutani, walimfundisha siku ya kwanza kabisa: bundi aliyepumzika usimsumbue, kaa mbali, nyamaza. "Mtanisamehe," alisema kwa sauti. Akarudi mbio kwenye mtumbwi.

"Da Mado, nipe kitenge."

Kile kitenge ndicho kilichokuwa kinamzuilia upepo mwilini. Pelagia alisita, mkono umeshika pindo. Mado akafumbua jicho moja.

"Chukua," alinong'ona. "Enda mbio."

Pelagia alifunga kitenge kwenye kasia lililobaki, akavua sweta lake akamfunika Mado, akaingia kwenye majani na fulana tu. Alikimbia. Alipiga makofi, alikanyaga matope, akapiga vigelegele kama yuko harusini, vigelegele vya Marangu vya kuita ukoo mzima. Bundi wa kwanza akaruka tena. Akaruka wa pili. Kisha majani yote yakawa yanatapika bundi! Huku wawili, kule watatu, wanapanda, wanazunguka juu ya kisiwa, wanabweka kwa hasira kama vijibwa. Shakwe wakawaona, wakaja kuwazomea, pakawa zogo juu ya ziwa zima.

"Rukeni, baba zangu! Rukeni juu!"

Kidole cha mguu kilipasuka kwenye kisiki, hakusikia. Alisimama, akaweka darubini machoni, kifua kinapanda na kushuka. Kule ukutani mmoja alikuwa amenyoosha mkono. Darubini moja ikageuka. Ikageuka ya pili. Halafu zote, safu nzima, zikamwelekea yeye.

Pelagia aliinua kasia. Upepo ule mbaya ukakidaka kitenge, ukakifungua chote, njano na nyekundu, juu ya majani. Alipunga mpaka mabega yakamwaka moto. Akaona mtu anaacha darubini yake na kukimbilia garini. Akaona mwingine ameweka simu sikioni. Hapo ndipo alipolia kwa sauti kubwa, na hakuacha kupunga.

Boti ya askari wa wanyamapori ilifika mwanga ukiwa bado upo. Walimwinua Mado kwa upole, wakamlaza bapa, wakamviringisha mablanketi ya karatasi inayong'aa na vifuko vya moto kwapani. Pelagia alikaa kando yake, mkono wa mwenzake mkononi, anautazama uso ule uliokuwa na rangi ya majivu. Boti iliruka juu ya mawimbi. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Kisha vidole vya Mado vikacheza. Kidevu kikacheza. Mwili mzima ukaanza kutikisika mpaka mablanketi yakalia.

"Pelagie," alisema, meno yakigongana, "niko na baridi!"

"Ana baridi!" Pelagia aliwapigia askari kelele. "Ana baridi! Asante Yesu, ana baridi!" Askari wale walidhani naye amechanganyikiwa.

Nchi kavu wale watu wa darubini walikuwa wamekusanyika, kila mtu anataka kumpa koti. Mama mmoja mwenye kofia ya manyoya alimpa simu. Pelagia alipiga nyumbani akiwa amesimama kando ya gari la wagonjwa. Mama mkwe ndiye aliyepokea.

"Enhe, mwanangu. Mzazi hajambo? Mtori aliupenda?"

Pelagia angeweza kuendelea. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Mama, hakuna mzazi. Nilikwenda ziwani kumtazama bundi. Mado kaanguka majini, nusura nimpoteze. Bundi ndio walioonyesha watu mahali tulipo."

Runinga ilisikika nyuma, halafu haikusikika tena.

"Bundi?"

"Bundi, Mama."

"Na Mado yu hai?"

"Yu hai. Anatetemeka vizuri."

Mama mkwe alivuta pumzi ndefu. Pelagia alifumba macho, akasubiri kimbunga.

"Mmewashukuru?" aliuliza mama mkwe.

"Askari? Ndiyo, Mama, tume—"

"Si askari. Hao bundi."

Pelagia alitazama ziwani. Kisiwa kilikuwa kimebaki kivuli tu, na juu yake mbawa ndefu zilikuwa zinapita taratibu, zimerudi kazini.

"Bado, Mama."

"Basi utaondokaje hapo? Huna adabu?"

Pelagia alishusha simu, akaligeukia ziwa mbele ya watu wote wale, akaweka viganja mdomoni.

"Asanteni!"

Na kutoka ndani ya gari la wagonjwa, chini ya lundo la mablanketi, sauti iliyokatikakatika ikaitikia:

"Aksanti sana!"