Fundi Aliyebeba Lawama

Ukumbi wa maonyesho ya mitambo ulikuwa umefurika. Wenye suti walikuwa wakipeana kadi, wanafunzi wakipiga picha, na spika za kila kibanda zikigombana juu ya vichwa vya watu. Katika msongamano huo, dada mmoja aliyevaa gauni la rangi ya kijani iliyokolea, kiuno kimebanwa vizuri na kilemba cha rangi hiyohiyo kichwani, alisukumwa na umati hadi akamkanyaga kijana mmoja mguu.

"Samahani, kaka."

"Usijali. Nina mwingine."

Dada akacheka bila kutaka. Kijana alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi likasimama, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa fundi, ameletwa na kampuni yake kuonyesha mashine za kukatia.

"Na wewe dada, unafanya kazi gani?"

"Kazi ya roli."

Kijana akamtazama juu hadi chini. "Unaendesha lori na gauni hilo?"

"Roli, si lori. Roli za plastiki ya kufungia biskuti. Zinatujia nene kama pipa, tunazikata vipande vyembamba, halafu tunazisokota upya."

"Nimeshasikia lori, basi. Nitakuita Dereva."

Akamzungusha kwenye mashine zake kama mtu anayetambulisha ndugu. Ya kwanza ilikuwa na wembe uliosimama, plastiki ikipita juu yake na kuachana yenyewe. "Hiyo tunayo," dada akasema. Ya pili ilikuwa na visu vya duara, kimoja juu na kimoja chini, vinavyokutana kama mkasi. Hiyo hukata hata karatasi nzito bila kuitafuna. Ya tatu kisu chake hakikati hasa, hukandamiza tu mpaka kitu kiachie.

"Hii haichagui," fundi akasema. "Inavumilia. Kasoro yake inaacha vumbi."

"Na wewe ni wa aina gani katika hizo?"

"Mimi ni huyu wa mwisho. Mvumilivu."

"Basi utaniachia vumbi."

"Nitafagia, Dereva. Nipe namba tu."

Namba ikatolewa. Kuanzia hapo simu yake haikupoa. Fundi alimpigia asubuhi kumuuliza kama ameamka, mchana kumuuliza kama amekula, jioni kumuuliza kama amemkumbuka.

"Nikisema sijakukumbuka?"

"Nitakata simu nipige tena, uanze upya."

Siku za mapumziko walitembea mjini, dada na viatu vyake vya kisigino kifupi, fundi akimbebea mkoba bila aibu. Walikaa kwenye ngazi za jengo la posta wakila karanga, wakapanga chumba watakachoanzia na pazia la rangi gani. Mapenzi yao hayakuwa na kona. Ilifika mahali hata mjomba wake dada akajua, kwa sababu mpwa wake alikuwa akiimba huku akibadilisha nyembe.

Mjomba huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, akamwingiza kiwandani, akamfundisha kutambua kwa sikio kwamba wembe umechoka. Kiwanda kizima kilimwita Mzee Wembe. Alikuwa mkali kwa mashine na mpole kwa watu, na ovaroli yake ya buluu ilikuwa safi kuliko mashati ya wengi.

"Huyo kijana wako anakula?" akamuuliza mpwa wake siku moja.

"Anakula, mjomba."

"Mlete ale hapa, tumwone anavyotafuna."

Akaletwa, akatafuna, akapendwa.

Kisha kiwanda kikanunua mashine mpya, ile ya visu vya duara, na aliyetumwa kuja kuifunga akawa fundi huyohuyo. Dada alijiona amebarikiwa: mchumba na mjomba chini ya paa moja, na yeye katikati akiwachokoza wote wawili.

Lakini mashine mpya ilikuwa na adabu zake. Ile ya zamani haikuwa na kifuniko. Mkono uliingia na kutoka, na aliyeijua hakuumia. Hii ilikuwa na kifuniko chenye swichi ndogo. Ukikifungua, kila kitu kinasimama, na ukishakifunga unaanza tena kuikaza plastiki polepole mpaka itulie. Mzee Wembe hakuizoea. Makapi ya plastiki ya pembeni yalijisokota kwenye mhimili, akafungua, mashine ikasimama. Akaanza upya, yakajisokota tena. Meneja alipita na kupita, akitazama saa yake bila kusema kitu.

"Wanasema nimezeeka," mzee alimwambia mpwa wake walipokuwa peke yao.

"Nani amesema?"

"Hawajasema. Nimewasikia tu."

Asubuhi iliyofuata, dada alipokuwa akisukuma roli tupu kuelekea mashine, alimkuta mjomba wake ameinama. Alikuwa ameibana ile swichi kwa kipande cha selotepu, ili mashine idhani kifuniko kimefungwa hata kikiwa wazi.

"Mjomba, hapana."

"Nyamaza, mwanangu. Leo tu, niwaonyeshe."

Naye alinyamaza. Alikuwa amezoea kumtii, na uso wa mzee ulikuwa na furaha ambayo hakuwa ameiona tangu mashine ile ije. Akasukuma roli zake, akapita.

Kelele iliyosikika baadaye haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya mashine iliyobadilisha sauti, kama inayotafuna kitu isichokijua. Fundi alitoka mbio chumba cha pili, akapiga kitufe chekundu, akaizungusha roli kwa nguvu kinyumenyume mpaka mkono ukatoka. Mzee alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, akiutazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. Katika vidole vyake lilikuwa limebaki dole gumba peke yake.

Walipombeba kumpeleka hospitali, fundi aliinama kwenye swichi. Akaiona selotepu. Akajua.

Kanuni ya kiwanda ilikuwa fupi na kila mtu aliijua kwa moyo: anayechezea kinga ya mashine anaondoka siku hiyohiyo, bila kitu. Mzee angetoka na nusu ya mkono, na mikono mitupu.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha chakula. Dada alikaa nyuma kabisa, ovaroli yake bado ina madoa ya damu. Meneja akauliza nani aliibana swichi. Fundi akasimama.

"Ni mimi. Niliibana wakati wa majaribio, nikasahau kuitoa."

Chumba kikaguna. Fundi aliwaza kwamba yeye bado kijana, kazi ni nyingi, na yule mzee ndiye baba wa pekee wa mpenzi wake. Hakujua kwamba habari hutangulia mtu. Kampuni yake ilimwachisha kazi, na kila kiwanda alichobisha hodi walikuwa wameshasikia juu ya fundi aliyemkata mzee vidole.

Siku ya kikao, nje ya geti, alimfuata dada. Mke wa mjomba alikuwa hapo akilia, amezungukwa na wafanyakazi. Fundi akanyoosha mkono.

Dada angeweza kuupokea. Lakini angeupokea, watu wangeuliza kwa nini anamwonea huruma mtu huyu, na angemtetea, wangeuliza amejuaje. Macho yote yalikuwa kwake.

"Usiniguse," akasema. "Mikono yako inanuka damu ya mjomba wangu. Usinipigie tena."

Fundi akarudisha mkono. "Sawa, Dereva," akasema taratibu, akaenda zake.

Alipiga hata hivyo. Simu ikaita juu ya kitanda, dada akaitazama mpaka ikanyamaza. Ikaita wiki, ikaita mwezi, kisha ikaacha.

Nyumbani, yeye na mjomba hawakulizungumza jambo hilo. Dada alimfunga vifungo vya shati, alimkatia nyama, alimnyoa ndevu. Mara moja tu mzee alifungua mdomo: "Yule kijana..." Mpwa wake akasema, "Kula, mjomba." Mzee akala. Alizidi kupungua, hamu ya chakula ikamtoka, maneno yakamtoka, na msimu wa baridi ulipoingia akafariki akiwa usingizini.

Siku chache baada ya mazishi, simu ikaita kutoka namba ambayo dada hakuwahi kuifuta.

"Pole, Dereva. Nimesikia leo."

Alilia mpaka akashindwa kushika simu. Fundi alisubiri upande wa pili, hakukata.

Wakakubaliana kuonana. Fundi alikuwa amepata kibarua kwenye karakana ndogo ya selotepu, nyuma ya soko la vyuma. Hapo roli haifunguliwi kabisa; inazungushwa nzima, na kisu kinashuka kuikata vipande kama mkate. Dada alifika amevaa sketi nyeusi na blauzi ya kijivu. Fundi alikuwa amekonda, shati lake halikuwa na pasi, lakini alipomwona alitabasamu kama yule wa kwenye maonyesho.

Walikaa kwenye benchi nje, juani. Walizungumza mengi ya pembeni, wakacheka hata. Kisha fundi akamshika mkono, naye safari hii hakuukataa.

"Sitaki tuzungumze ya zamani," fundi akasema. "Nina chumba, kidogo, lakini kina dirisha. Nataka uwe mke wangu."

Dada alifumba macho. Hilo ndilo jambo alilolitamani kila siku ya Mungu. Neno moja tu lingetosha, na wangeinuka pamoja.

"Hutaki kujitetea kwanza?"

"Kwa lipi? Lilishapita. Mzee apumzike."

"Unamlinda hata kaburini."

Fundi akapangusa vumbi kwenye suruali yake.

"Nilimwona," dada akasema. "Nilimwona akiibandika. Nilikuwa nimesimama karibu kama hapa na hapo."

Ndani ya karakana kisu kilikuwa kikishuka na kupanda. Fundi aliuachia mkono wake taratibu, kama mtu anayeweka glasi mezani.

"Siku ile kwenye geti, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Uliposema mikono yangu inanuka damu."

"Nilijua. Niliogopa. Nisamehe, mpenzi wangu. Ningeolewa nawe na uongo huo ndani yangu, ungenila mpaka mwisho."

Fundi akageukia barabarani. "Kilichokuwa kinanipa usingizi," akasema, "ni kwamba ulinichukia kwa sababu hukujua. Nilisema, angejua, angekuja mbio. Nilikula kwa hilo. Niliamka kwa hilo."

Hakupandisha sauti. Alimsindikiza mpaka kituoni, akamsimamishia gari, akamfungulia mlango. Hakusema tutaonana.

Kesho yake dada aliingia kwa meneja bila kukaribishwa, akasimulia yote. Meneja alimsikiliza huku akisugua paji la uso.

"Mzee ameshakufa," akasema. "Fundi ameshaondoka. Sasa unataka nifanye nini?"

"Nataka watu wajue."

"Watu wameshasahau, dada yangu. Rudi kazini."

Alirudi. Kabla hajavaa ovaroli alimpigia fundi, akamweleza alichokifanya na alichojibiwa.

"Umefanya vizuri," fundi akasema.

"Utanirudia?"

Dada akamsikia anavyopumua.

"Hapana, mpenzi," akasema, na ndiye aliyekata kwanza.